Daktari mtafiti wa afya ya jamii unayetaka grinkadi ya Marekani kwa kazi yako mwenyewe: anzia hapa

Kosa nililolifanya mimi mara ya kwanza, na nimeliona kwa madaktari wenzangu kibao walionitumia makaratasi yao niwaangalizie, ni kuandika ombi kama vile unaomba kazi hospitali ya rufaa. Kurasa kumi nzima unaelezea umetibu wagonjwa wangapi, umepiga zamu ngapi za usiku, umewahi kukaimu ukuu wa wodi, alafu utafiti wako unauweka aya moja mwishoni kama chumvi. Afisa wa uhamiaji akimaliza kusoma anakubali kabisa kwamba wewe ni daktari mzuri. Ila hilo siyo swali lake. Swali lake ni kwamba ukiondoa wale wagonjwa waliokaa mbele yako, nani mwingine ndani ya Marekani anafaidika na hiyo kazi yako? Mimi sikuwa na jibu kwenye makaratasi, ombi langu likakataliwa na hela haikurudi.

Njia ninayoiongelea hasa inaitwa NIW (National Interest Waiver), iko ndani ya kundi la EB-2, yaani grinkadi ya kazi kwa wenye shahada ya juu. Kwa kawaida mtu wa EB-2 anatakiwa awe na mwajiri Marekani, na huyo mwajiri athibitishe kwanza kwa wizara yao ya kazi kwamba hajapata Mmarekani wa kuifanya hiyo kazi. NIW ni msamaha wa hayo yote mawili, kwamba kazi yako ina maslahi kwa taifa lao kiasi kwamba wanaruhusu ujiombee mwenyewe, bila bosi, hata ukiwa umekaa zako Mwanza au Kisumu. Kuna njia nyingine pia nitazigusa, ila hii ndo wengi wetu inatufaa.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaenda kugusa wagonjwa au la

Watu wanaruka hapa na wanakuja kulia baadaye. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamzuia daktari wa nje anayeenda hasa kutibu kama hajafaulu mitihani yao, yaani USMLE, na kama Kiingereza chake hakijathibitishwa. Kwahiyo kama mpango wako ni kutibu, safari inaanza na USMLE na cheti cha ECFMG (shirika linalohakiki madaktari waliosomea nje), kisha residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, hata kama kwetu wewe ni bingwa wa miaka kumi. Inauma lakini ndo hivo.

Kama unaenda kufanya utafiti, iwe ni epidemiolojia, maabara, majaribio ya chanjo au takwimu za magonjwa, na hutaandika cheti cha dawa cha mtu yeyote, hilo zuio halikuhusu na unaweza kuomba NIW bila hata kujua ukumbi wa USMLE uko wapi. Ila basi ombi lako lote liseme hivo. Usiandike ukurasa wa 3 kwamba wewe ni mtafiti alafu ukurasa wa 9 unaota kufungua kliniki.

Hatua ya 2: Angalia kama una mzigo wa J-1 mgongoni

Ukienda Marekani kwa residensi au felowshipu ya kitabibu chini ya udhamini wa ECFMG unapewa viza ya J-1, na hiyo inakuja na sharti la kurudi kukaa nyumbani miaka miwili kabla hujaruhusiwa grinkadi au viza ya kazi ya H-1B. Mke au mume aliyekuja na J-2 naye linambana. NIW yako inaweza kukubaliwa vizuri tu ukiwa na hilo sharti, ila grinkadi yenyewe hupewi mpaka uwe umelitimiza au umesamehewa. Kuna jamaa alifanya sherehe kabisa siku barua ya NIW ilipofika, tukala pilau, ndo akaja kuambiwa na wakili kuwa bado ana miaka miwili ya kurudi nyumbani.

Msamaha unapatikanaje? Daktari wa J-1 ya mafunzo hawezi kutumia ile barua ya serikali ya kwao kusema hatuna pingamizi, hiyo ni ya wengine, mfano waliokuja na J-1 ya utafiti mtupu. Yeye ana njia hizi. Ya kwanza ni Conrad 30, ambapo kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, unakubali kufanya kazi miaka mitatu sehemu yenye uhaba wa madaktari. Ya pili, na hii watafiti wengi hawaijui, wizara ya afya ya Marekani inaweza kukuombea msamaha kwa ajili ya utafiti, taasisi unayofanyia kazi ndo inapeleka maombi na inabidi ionyeshe kwamba utafiti ni wa kipaumbele kitaifa au kimataifa na wewe ukitoka utafiti unayumba. Kusema tu wewe ni mchapakazi hakutoshi, wanataka kujua kitu gani hasa kitasimama. Halafu kuna msamaha wa mateso, kama ukirudi utaonewa kwa dini, rangi au siasa, na wa shida kubwa kwa mwenzi au mtoto ambaye ni raia au ana grinkadi.

Kuna uchochoro mwingine. Lile sharti la miaka miwili halizuii viza ya O-1, ya watu wenye uwezo wa kipekee. Huwezi kubadilisha ukiwa ndani ya Marekani, lakini unaweza kutoka, ukagongewa O-1 ubalozini, ukarudi kufanya kazi. Mzigo wa J-1 unabaki palepale, umeusogeza mbele tu.

Hatua ya 3: Chagua mlango

Kwa kifupi. EB-1A ni ya waliopaa kweli kwenye fani, unatakiwa utimize vigezo 3 kati ya 10 kisha afisa apime picha nzima, unajiombea mwenyewe. EB-1B ni ya watafiti wanaotambulika kimataifa, vigezo 2 kati ya 6 na uzoefu wa miaka mitatu, ila lazima chuo au taasisi ikuombee. NIW ya kawaida ndo hii yetu. Na kuna NIW ya madaktari, ambayo watu wanaichanganya sana na ya kawaida kwa sababu ya jina: hiyo ni ya kutibu muda wote kwa miaka mitano kwenye eneo lenye uhaba au hospitali za maveterani, na mamlaka ya afya iandike barua kwamba kazi yako ina faida kwa umma. Utafiti wako huko hauna uzito wowote, wanachotaka ni miaka mitano ya stethoskopu shingoni.

Unaruhusiwa kuomba zaidi ya mlango mmoja. Mimi ningemshauri mwenye pepa nyingi na majina makubwa ajaribu NIW na EB-1A zote, kwa sababu foleni zake hazifanani, nitakuja huko.

Hatua ya 4: Tengeneza sentensi moja ya kazi yako

Hapa ndo penye ombi lenyewe, mengine ni viambatanisho. Tangu Desemba 2016 maofisa wanatumia kesi ya mtu anaitwa Dhanasar, mhandisi wa mambo ya anga, na kwenye hiyo kesi kuna maswali matatu. Moja, kazi unayokusudia kuifanya ina thamani ya kweli na umuhimu wa kitaifa? Mbili, wewe umejiweka sawa kuisukuma mbele? Tatu, ukipima huku na huku, Marekani inafaidika zaidi ikikusamehe habari ya mwajiri kuliko isipokusamehe?

Kilichonifungua macho kwenye kesi hiyo ni kwamba huyo Dhanasar alikuwa anafanya utafiti na anafundisha pia. Utafiti wake ukakubalika kuwa na umuhimu wa kitaifa. Kufundisha kwake wakasema ni jambo jema lenye thamani, ila halijaonyeshwa kugusa fani nzima kwa upana wake, linaishia kwa wanafunzi wake. Sasa badilisha neno wanafunzi uweke wagonjwa, utaelewa kwanini zile kurasa zangu kumi za wodini hazikunisaidia chochote.

Sentensi mbaya inakuwa hivi: nitaendelea kutibu na kutafiti malaria ili kuboresha afya ya watu. Nani atapinga? Lakini pia nani ataithibitisha?

Sentensi nzuri inakuwa hivi, nakupa mfano wa kubuni: nitatengeneza na kupima njia ya kugundua usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa za artemisinini kwa kutumia tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, ili maabara za afya za majimbo zijue mapema mgonjwa aliyetoka safari amebeba kimelea cha aina gani.

Alafu sasa unaifunga na Marekani, maana afisa anaweza kukuuliza malaria ya Kagera inamhusu nini mtu wa Ohio. Unamjibu kwa vitu vinavyojulikana. Marekani inapokea wagonjwa wa malaria karibu 2,000 kila mwaka, wengi wametoka safari. Mwaka 2023 watu walipata malaria Florida na Texas bila kusafiri popote, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu 2003. Dawa yao ya malaria kali ni artesunate ya mshipa, iliyopitishwa na FDA, mamlaka yao ya dawa, mwaka 2020, na hiyo iko kwenye familia ileile ya artemisinini ambayo vimelea vyenye usugu kiasi vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, huko Kagera. Sasa kazi yako ya Kagera imeshafika Ohio bila kutumia nguvu.

Fanya hivohivo kwa ugonjwa wako. Wa selimundu una kazi rahisi, Marekani kuna watu kama 100,000 wanaoishi nao. Wa usugu wa antibaiotiki, CDC, kituo chao wenyewe cha kudhibiti magonjwa, waliandika 2019 kwamba kila mwaka wanapata maambukizi sugu zaidi ya milioni 2.8 na vifo zaidi ya 35,000. Tumia takwimu za kwao kuelezea tatizo na za kwetu kuelezea ulichokifanya, usichanganye.

Hatua ya 5: Ushahidi, na tatizo la jina kuwa katikati

Pepa, mara ngapi zimenukuliwa, mikutano uliyowasilisha, fedha za utafiti ulizopata, pepa za wengine ulizoombwa na majarida uzipitie kabla hazijachapishwa (tunza zile barua pepe za shukrani, watu wanazifuta!), vibali vya maadili vya NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania) vinavyokutaja kama mtafiti mkuu. Na kitu chenye uzito kuliko vyote: mahali ambapo matokeo yako yametumika. Kama mwongozo wa wizara au wa Shirika la Afya Duniani umeinukuu pepa yako, kata ule ukurasa, zungushia mstari, uweke mbele kabisa. Pepa moja iliyobadilisha dozi ya dawa wilayani ina nguvu kuliko saba zilizolala.

Sasa kuna shida yetu sisi wa Afrika Mashariki ambayo Mhindi au Mchina mwenye NIW hana sana. Wengi wetu tumefanya kazi kwenye majaribio makubwa, ya chanjo, ya TB, ya VVU, pepa ina waandishi hamsini, Mzungu wa kwanza, Mzungu wa mwisho, wewe uko namba 23 pale katikati. Afisa anaiona pepa imenukuliwa mara elfu, anauliza vizuri tu, wewe ulifanya nini humo? Na mbaya zaidi barua ya bosi wako inasema alisimamia ukusanyaji wa sampuli kwa uaminifu mkubwa. Uaminifu! Hiyo barua inakuua huku inatabasamu.

Kaa na mkuu wa mradi, kwa adabu lakini bila aibu, mkumbushe ulichokifanya hasa. Ni wewe uliyebadili utaratibu wa kufuatilia watoto baada ya kuona kina mama hawarudi kliniki msimu wa kilimo? Ni wewe uliyegundua mashine inatoa majibu ya uongo joto likizidi? Ni wewe uliyeandika mpango wa uchambuzi? Basi barua iseme hivo, na iseme kingetokea nini kama usingekuwepo.

Hatua ya 6: Barua za watu

Tano au sita zinatosha. Angalau nusu ziwe za watu ambao hamjawahi kufanya kazi pamoja, wanakujua kwa kusoma kazi zako tu. Unawapata wapi? Fungua Google Scholar, angalia nani amekunukuu, chagua walio Marekani kwenye vyuo au idara za afya, waandikie barua pepe fupi yenye heshima. Mimi niliandikia watu 19, wakajibu 6, wakakubali 3, na hao watatu ndo walionivusha.

Wengi watakwambia niandikie rasimu nisaini. Sawa, ila usitumie rasimu moja kwa wote ukabadilisha jina juu, afisa siyo mjinga, sentensi ileile ikijirudia kwenye barua ya profesa wa Atlanta na ya mkurugenzi wa Moshi anaona. Kila mmoja apewe kipande chake, huyu aelezee mbinu, yule aelezee matokeo yametumikaje, mwingine aelezee tatizo ndani ya Marekani.

Hatua ya 7: Vyeti

EB-2 inataka shahada ya juu. MD yetu ya miaka mitano au MBChB ya Kenya ya miaka sita unaingia ukitoka kidato cha sita au cha nne, na kwao udaktari mtu anausoma baada ya shahada ya kwanza, kwahiyo unahitaji taasisi ya kutathmini vyeti ikuandikie ripoti ya ulinganisho. Ukiwa na MMed, MPH au PhD juu yake unapumua zaidi. Na shahada iendane na kazi unayoikusudia, tangu Januari 2025 wamekuwa wakali kwenye hilo. Kila karatasi ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza, na mtafsiri asaini kwamba anaziweza lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Hatua ya 8: Fomu na hela

Fomu kuu ni I-140, ndo ombi lenyewe, pamoja na zile kurasa za fomu ya wizara ya kazi, ETA-9089, za mtu wa NIW, ambazo usipozisaini wanakurudishia furushi lote. Ada ni dola 715, juu yake dola 300 kwa anayejiombea mwenyewe. Ukitaka jibu ndani ya siku 45 za kazi unaongeza fomu I-907 na hela ya haraka, karibu dola 3,000, na elewa kwamba unanunua haraka tu, jibu la ndiyo hununui. Hundi za karatasi hawapokei siku hizi, wanataka kadi ya benki ya Marekani au kukata kwenye akaunti ya kule, kwahiyo ukiwa Dar tafuta ndugu au rafiki aliye huko akulipie. Kabla hujatuma chochote fungua tovuti ya USCIS, idara yao ya uhamiaji, uangalie ada ya siku hiyo, wanabadilisha.

Wakili ni lazima? Hapana. Mimi mara ya pili nilimtumia, mara ya kwanza sikumtumia, ila kilichobadilika hasa ni hoja. Ukimtumia, mkimbie anayekuhakikishia. Kuna mmoja aliniambia asilimia mia nitapata kabla hata hajasoma pepa yangu moja.

Wakirudi na barua ya kuomba ushahidi zaidi usipanic. Soma ni swali lipi kati ya yale matatu hawajaridhika, ujibu hilohilo. Unajibu mara moja tu, kwahiyo usitume kwa mafungu. Na kitu ulichokipata baada ya tarehe ya kuomba, mfano pepa mpya, hakiwezi kukufanya uwe ulistahili siku ile ulipoomba, kinasaidia kuonyesha kazi inaendelea tu.

Hatua ya 9: Imekubaliwa, sasa subiri

I-140 kukubaliwa siyo viza. Umepata nafasi kwenye foleni, na tarehe yako ni ile siku ombi lilipofika. Kila mwezi wizara yao ya mambo ya nje inatoa Visa Bulletin, unaangalia safu ya EB-2, na wewe uliyezaliwa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo uko kwenye ule mstari wa nchi zote zilizobaki. Wanaangalia ulipozaliwa na siyo paspoti, kwahiyo Mtanzania aliyezaliwa India ana foleni ya India ya miaka na miaka, ila akiwa na mwenzi aliyezaliwa Arusha anaweza kukaa foleni ya mwenzi wake. Ndiyo maana nilisema ujaribu EB-1A pia, foleni yake kwa nchi zetu imekuwa nyepesi zaidi, na ikikubaliwa unaenda nayo ukiwa na tarehe yako ya zamani ya NIW.

Na hili siwezi kulipaka sukari. Juni 2025 ikulu yao ilitoa tangazo la kuzuia viza kwa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo kwa sehemu, na Desemba 2025 wakaongeza nyingine, Tanzania ikaingia, na viza za kuhamia zimo ndani ya zuio. Septemba 2025 nayo wakaweka dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya Marekani, hiyo imewafungia hospitali nyingi za vijijini waliokuwa wanawategemea madaktari wetu. Haya mambo yanabadilika kwa tangazo la siku moja, kwahiyo kabla hujalipa ada soma hali ya nchi yako wiki hiyohiyo, siyo video ya mwaka juzi. Kuna waliosema ngoja tusubiri kwanza, na kuna walioamua kuomba I-140 sasa ili tarehe ya foleni ianze kuhesabika huku wanaangalia upepo. Mimi ningekuwa kundi la pili, kama hela ya kupoteza ipo. Kama ni ya ada ya mtoto shuleni, subiri.

Watoto wako nao waangalie umri, wakigonga 21 wanaweza kutoka kwenye ombi lako, kuna hesabu ya kupunguza siku ombi lilipokuwa linasubiri lakini haiokoi kila mtu. Na usiache utafiti eti kwa sababu umeshakubaliwa. Siku ya mwisho wanaweza kukuuliza bado unaifanya ile kazi uliyoiandika, na ukiwa umehamia kuuza vipodozi hapo ndo kesi ya miaka minne inayeyuka.

Ile barua ya I-797 ya kukubaliwa iskani, weka kwenye barua pepe yako, weka na kwa mtu unayemwamini. Yangu ililowa na mvua ya masika ikiwa ndani ya begi na nusura nilie.